Mzee Pua na Televisheni ya Roret

Nyinyi mnaofungua simu kwa bisibisi nyembamba kama sindano, hebu kwanza kila mtu aweke mkono mmoja mfukoni. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa kama ng'ombe anayekaribia kuzaa, ilikuwa inabaki na stima ndani hata ukishaichomoa ukutani. Ukiishika kwa mikono miwili, stima inaingia kwa mkono huu, inavuka kifua, inatokea kwa ule mwingine, na hapo katikati ndipo moyo unakaa. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, utapigwa, utapiga kelele, lakini jioni utaenda nyumbani.

Mimi nilipiga kelele mara nyingi.

Naitwa Chepkemoi. Nimekuwa fundi wa redio na televisheni hapa Roret mpaka magoti yakakataa. Mliponiomba niwaambie kuhusu kazi yetu, nilifikiri nitaanza na redio za betri, au na zile kaseti tulizokuwa tunazungusha kwa kalamu. Lakini kila nikifumba macho namwona Mzee Pua. Basi acha nianze na yeye, ingawa hakuwa mtu wa hapa na sijui hata kama alikuwa mtu.

Kwanza mjue mwalimu wangu. Mzee Odhiambo alikuja huku akiwa kijana kutoka upande wa ziwa, akafanya kazi ya stima katika kiwanda cha chai, kisha akafungua kibanda chake pale sokoni. Alikuwa mfupi, mpole, na alizungumza Kipsigis chenye ladha ya Kijaluo mpaka akina mama walikuwa wanamchokoza tu ili wamsikie akijibu. Nilimpelekea redio ya baba yangu iliyokuwa inakoroma. Akanipa tochi nimmulikie. Akaitengeneza, akaniuliza, "Umeona nimefanya nini?" Nikamweleza yote, waya kwa waya. Akaniangalia kidogo, akasema, "Kesho kuja asubuhi, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yao. Nikaja kesho, na kesho yake.

Wateja walikuwa wananipita mlangoni wakiuliza, "Msichana, fundi ameenda wapi?" Mzee Odhiambo anajibu kutoka chini ya meza, "Si huyo mnaongea naye?"

Alinifundisha kutumia pua kabla ya kutumia kipima stima. Siku moja mkulima mmoja alileta televisheni akilalamika kwamba inanuka samaki. Alikuwa amewagombeza watoto wote nyumbani, eti nani alificha samaki ndani. Mzee Odhiambo akainama, akanusa matundu ya nyuma, akafunga macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mimi nimezaliwa ziwani," akasema. "Samaki namjua. Huyu si samaki, huyu ni plastiki ya waya inaungua."

Na kweli. Kwa hivyo hata leo, kitu cha stima kikianza kunuka samaki na hakuna mtu anapika, zima kwanza, uliza baadaye.

Sasa, Mzee Pua.

Ilikuwa programu ya watoto kutoka ng'ambo, ikionyeshwa Jumamosi jioni saa kumi na moja. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na hakuna mtoto aliyejisumbua nalo. Mtu mzima alikuwa amevaa ngozi ya bandia ya yule mnyama mwenye pua ndefu anayechimba ardhi akitafuta mchwa. Vitabu vinamwita mhanga. Watoto wakamwita Mzee Pua, basi. Hadithi ilikuwa kwamba manyigu wameiba taa zote za mji, wamezificha chini ya ardhi, na Mzee Pua anachimba mashimo kuzitafuta. Manyigu walikuwa watu waliovaa miwani myeusi na mabawa ya karatasi. Kuta za pango zilikuwa za katoni, akizigonga zinatikisika. Na mgongoni pake, akigeuka, ulikuwa unaona zipu kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Kwenye kofia alikuwa na balbu tatu. Akichomwa na nyigu, muziki unalia tiriri-tiriri-tii, anaanguka chali miguu juu, balbu moja inazimika. Halafu, bila mtu kueleza chochote, anaonekana tena mwanzo wa shimo lile lile, mzima, anaanza kuchimba upya.

Sisi watu wazima tulikuwa tunachoka. "Si alishapita hapo?" anauliza mama wa mboga aliyechungulia mlangoni. Lakini watoto hawakuchoka. Walijaa kibandani, watoto wa wakulima na watoto wa wafanyakazi wa estate za chai, wamebanana kwenye mabenchi, wengine chini, wengine dirishani. Televisheni yetu ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, lakini Mzee Odhiambo alikuwa ameibandika ile karatasi ya plastiki yenye rangi, bluu juu na kijani chini, iliyokuwa ikiuzwa siku hizo ili mtu ajidanganye ana ya rangi. Kwa hiyo kwetu Mzee Pua alikuwa na kichwa cha bluu na miguu ya kijani, na ungemwambia mtoto yeyote wa Roret vingine mngepigana.

Picha haikuwa inakuja yenyewe. Lazima mtu asimame nyuma ya kibanda azungushe bomba la aerial kulielekeza vilima vya Londiani, yalikokuwa yakitoka matangazo. Huyo alikuwa Mzee Odhiambo. Mimi nasimama mlangoni kupitisha ujumbe.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Bado! Hapo! Hapo hapo! Aki Mzee, umepitisha!"

Na akiliachia bomba, upepo unalirudisha. Basi alikuwa analishikilia mpaka programu inaisha.

Kulikuwa na mzee wa kanisa, arap Koros, mrefu mwembamba, aliyeona jambo hili ni baya. Alikuja Jumamosi moja, akasimama nyuma na fimbo yake, akaangalia programu yote. Ilipoisha akamwita Mzee Odhiambo pembeni.

"Huyo Mzee Bua," akasema, maana p yetu ya nyumbani huwa inateleza, "anakufa na kufufuka mara ngapi?"

"Mara mbili, mzee. Watoto wanasema ana balbu tatu."

"Nani amemruhusu?"

Hatukujua kwa nini anarudi. Jumapili arap Koros akasimama kanisani akawaonya wazazi juu ya mnyama anayecheza na kufufuka. Jumamosi iliyofuata watoto waliongezeka.

Jibu nimelipata mwaka jana tu. Mjukuu wangu Cherono, anayesoma chuo kikuu Kabianga, alinikuta nikisimulia habari hizi, akaingia kwa simu, akatafuta, mara akanigeuzia kioo. Alikuwa yeye! Zipu na kila kitu. Kumbe rangi yake ni ya machungwa kama karoti.

"Kogo," Cherono akaniambia, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, "hii kwanza ilikuwa game. Game ya video. Halafu ndio wakatengeneza programu. Hizo balbu ni maisha yake. Ukigongwa unapoteza moja, unarudi mwanzo."

Akanionyesha huo mchezo wenyewe: kidoa kidogo chenye pua, kikishuka kwenye mistari. Nilicheka mpaka nikaomba maji. Mabishano yote yale ya kanisani, na ilikuwa ni mtoto fulani mbali huko anabonyeza kidude! Hakuna mtu katika nchi yetu ya chai aliyekuwa ameuona mchezo wa video. Tulikuwa tumeletewa mchuzi bila kujua nyama ni ya nini.

Ile Jumamosi ya mwisho, Mzee Pua alikuwa amebakiwa na balbu moja. Mtangazaji alikuwa ametuambia wiki iliyotangulia kwamba safari inaisha, na wiki nzima shuleni hawakuzungumza kitu kingine. Atazipata taa, au ataanguka mara ya mwisho? Kiongozi wa mabishano alikuwa msichana mmoja anaitwa Chebet, mwembamba, sauti kama filimbi. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga wenzake kwenye mabenchi, na wakubwa walimtii.

Mnajua mvua zetu za jioni. Asubuhi jua, mchana jua, halafu saa kumi mawingu yanarundikana juu ya majani ya chai kama watu wanaokuja kudai kitu. Programu ilikuwa imeanza tu, Mzee Pua anashuka shimoni, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Sauti ya televisheni ikapotea kabisa. Watoto wakasogea mbele kusoma midomo.

Mzee Odhiambo akaingia, ameloa, akaenda moja kwa moja nyuma ya televisheni na kuchomoa waya wa aerial. Kioo kikajaa nukta nyeupe.

Kilio kilichotoka kwa watoto kilishinda mvua.

"Fundi, tafadhali! Dakika tano tu!"

"Radi haina dakika," akasema.

Hata mimi nilimwambia, "Mzee, ngoja kidogo tuone." Tayari alikuwa ameshika ule waya akienda nao dirishani kuutupa nje, maana waya wa aerial ukiuacha ndani ya nyumba ni kama kuiachia radi mlango wazi. Chebet akapanda juu ya benchi, machozi yanamtoka kwa hasira.

"Fundi ni mbaya! Mungu akuone!"

Ndipo ikapiga.

Watu wanafikiri radi ni kelele. Ukiwa karibu hivyo, kwanza ni weupe. Kila kitu kikawa cheupe, hata watoto. Kisha nikajikuta nimekaa sakafuni, masikio yanalia, na watoto wote wamenyamaza, wapo, wazima, mmoja mmoja nikiwagusa vichwa. Mzee Odhiambo alikuwa amelala chini ya dirisha. Kiganja chake cha kulia kilikuwa wazi na cheusi. Nje bomba la aerial lilikuwa limepindana, na mti wa saipresi uliokuwa nyuma yake umepasuka katikati.

Televisheni haikuwa imeguswa. Ilikuwa inawaka, imejaa nukta. Kama waya ungekuwa bado umechomekwa pale nyuma, na wale watoto wamesogea mpaka pua zao zinagusa kioo, leo ningekuwa nawaambia hadithi nyingine, au nisingekuwa na ujasiri wa kuwaambia yoyote.

Mzee Odhiambo alikuwa anapumua. Tulimtoa kwa pikapu ya maziwa, na mwishowe akalazwa kule hospitali ya Longisa.

Siku zilizofuata nilifungua kibanda peke yangu kwa mara ya kwanza. Wateja walikuja kuniuliza hali yake, si kuleta kazi. Kisha akaja mama yake Chebet, kanga imefungwa vibaya kama mtu aliyetoka nyumbani bila kujiangalia.

"Mtoto hali chakula," akasema. "Hasemi. Anasema tu neno moja, kwamba ni yeye alimlaani Fundi."

Nilienda naye. Chebet alikuwa amejikunja jikoni karibu na moto, macho makubwa. Arap Koros alikuwa ameshaitwa kumwombea, ameketi kwenye kigoda, magoti yake marefu yamefika kifuani. Nilimweleza mtoto kwamba radi ilifuata bomba, si maneno yake, kwamba chuma kirefu juu ya kilima ndicho kinachoiita. Alinisikiliza kama anayesikiliza mvua. Kisha akamgeukia arap Koros.

"Mzee Pua akianguka anarudi," akasema. "Fundi atarudi?"

Nilitegemea mahubiri. Badala yake arap Koros akaniuliza mimi, "Hiyo ya mwisho, mliiona?"

"Hapana. Ilikatika mwanzoni."

"Na Odhiambo aliiona?"

Hapo ndipo ilinigonga. "Mzee Odhiambo hajawahi kuona hata moja," nikasema. "Yeye huwa nje ameshika bomba."

Arap Koros akasimama, akachukua fimbo yake. "Basi tumpelekee," akasema. "Mimi nina bua tayari."

Na kweli pua alikuwa nayo. Chebet akamwangalia. Nadhani ndipo alipokubali kunywa maziwa.

Wiki hiyo tulifanya kazi. Akina mama walishona gunia la chai, nusu ya juu wakaipaka rangi ya bluu na miguu kijani kibichi, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa rangi yake kwetu. Chebet alitunga mwisho na kuwafundisha wenzake manyigu. Wawili walifukuzwa kwa kucheka. Kazi yangu ilikuwa kofia. Balbu tatu za tochi, mawe mawili ya betri, swichi tatu ndogo za kufichwa kwenye mkono wa gunia. Ni kazi ndogo, leo mtoto wa darasa la nne anaifanya. Lakini ilikuwa ya kwanza niliyofanya bila mtu kunimulikia, na nilichoma vidole vyote.

Dereva wa lori la majani ya chai alitupeleka Jumapili baada ya ibada. Tuliingia Longisa tukiimba, manyigu ishirini na kitu, na mzee wa kanisa wa bluu na kijani. Nesi mmoja akatuangalia, akaangalia wodi yake, akasema hapana. Kisha akasema, "Basi nje, kwenye nyasi. Na msipige kelele." Wakamtoa Mzee Odhiambo kwa kiti cha magurudumu, mkono umefungwa kama mkate. Wagonjwa wengine wakatoka na blanketi zao.

Sijawahi kuona mchezo mbovu namna ile. Katoni iliangushwa na upepo. Nyigu mmoja alilia kwa sababu bawa lake lilichanika. Arap Koros alianguka mara ya kwanza, muziki ukaimbwa tiriri-tiriri-tii, akabonyeza, akazima balbu ambayo siyo, na ile nyingine ikakataa kabisa kuwaka.

"Kaza waya ya chini!" sauti ikatoka kwenye kiti cha magurudumu.

Nikamkimbilia, nikakaza. Ikawaka. Wagonjwa wakapiga makofi.

Alianguka mara ya pili. Ikabaki balbu moja. Manyigu wakamzunguka, na arap Koros, ambaye siku zote alikuwa mtu wa kunyoosha mgongo, akapiga magoti kwenye nyasi na kuchimba kwa mikono yake miwili akipumua kama ng'ombe. Wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Akatambaa chini ya blanketi tulilotandika kama pango, akapotea. Tukangoja. Kisha akatokea upande wa pili, mbele ya kile kiti, balbu inawaka, na mkononi ameshika taa ya kandili ya nyumbani kwake. Akaiweka mapajani mwa Mzee Odhiambo.

Mzee Odhiambo aliiangalia ile taa. Akaangalia gunia, zipu tuliyoichora kwa makaa mgongoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua ni kicheko au ni kilio mpaka aliposema:

"Kwa hiyo hii ndiyo mlikuwa mnapigia kelele?"

Watoto wakamvamia. Chebet peke yake alibaki nyuma. Mzee Odhiambo akamwita kwa mkono mzima.

"Wewe ndiye ulisema Fundi ni mbaya?"

Akainamisha kichwa kukubali.

"Hata mke wangu anasema hivyo," akamwambia. "Na yeye hajawahi kuita radi. Kuja hapa."

Akamkumbatia kwa mkono ule mmoja. Chebet alilia kwa sauti yake yote ya filimbi, nesi akatoka kutukumbusha kuhusu kelele, akatukuta hivyo, akarudi ndani.

Vidole viwili vya Mzee Odhiambo havikukunjika tena. Alirudi kibandani, lakini koleo na chuma cha kuchomea risasi, ile ya kuunganishia waya, vikawa vyangu. Yeye alikaa kando yangu akinusa na kuelekeza, "Siyo hapo. Hapo. Usiharakishe, risasi ikipoa vibaya itakusaliti." Miaka mingi tulifanya kazi hivyo, watu wawili, mikono mitatu. Jifunzeni kuuliza aliye kando yenu, hata kama hawezi kushika kitu. Alipozeeka alirudi kwao, upande wa ziwa, akaniachia kibanda.

Chebet siku hizi ni mwalimu. Ana sauti ile ile. Darasa lake halihitaji kengele.

Basi mnajua yaliyotokea. Matangazo ya zamani yakazimwa, ikabidi kila mtu anunue kisanduku kipya au televisheni bapa, ambayo ikiharibika haitengenezwi, inatupwa. Siku hiyo niliwasha ile ya kibandani nikakuta nukta tupu kila stesheni. Nikampigia Mzee Odhiambo simu.

"Imekwisha, Mzee," nikamwambia. "Niifanye nini hii? Hakuna anayeitaka hata bure."

Nikamsikia akimwuliza mkewe kitu, mkewe akamjibu.

"Iko na sanduku la mbao?" akauliza.

"Ndiyo."

"Lete. Kuku hawana pa kutagia."

Nikatoa kioo na matumbo yake yote, nikasugua ndani, jirani akanisaidia kuipeleka kwa gari lake. Mzee Odhiambo alikuwa ameisha sana, anatembea kwa kushika ukuta, lakini alinielekeza mwenyewe mahali pa kuiweka uani, akanirekebisha mara mbili. Tukaweka nyasi kavu ndani. Kuku mmoja mwekundu akaja, akaizunguka, akachungulia pale kioo kilipokuwa, akaingia. Akajigeuza, akakaa, akatutazama.

Mzee Odhiambo akavuta kiti chake mbele, akaniambia nami nivute changu. Tukaketi pale uani, tukimwangalia, mpaka akataga.